Acha kuuliza "Mmeelewa?": niliyojifunza mwaka wangu wa mazoezi ya kufundisha

Walimu tarajali mnaojiandaa kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, wengi wenu mtakaa shuleni wiki chache kisha mrudi chuoni. Sisi tuliosomea Daraja la IIIA, cheti cha ualimu wa shule za msingi, wakati wa MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) tulikaa chuoni mwaka mmoja, na wa pili tukaumalizia wote shuleni. Ada ya shule za msingi ilikuwa imefutwa mwaka 2001, watoto wakafurika, walimu hawakutosha. Mwaka 2004 nilipangiwa kijiji kimoja wilayani Iramba, Singida, nikakabidhiwa Hisabati darasa la tatu: watoto 94, madawati 17, na ubao uliobanduka rangi upande wa kulia. Kwenye dawati moja utamkuta mtoto wa miaka 9 amebanana na kijana wa miaka 13 aliyechelewa kuandikishwa.

Wiki za mwanzo niliamini nafundisha vizuri sana. Kila nikimaliza mfano nauliza, "Mmeelewa?" Darasa zima linaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Nafuta ubao, nasonga mbele.

Tukafika kwenye kutoa kwa kukopa. Niliwapa maswali matano, nikabeba madaftari nyumbani, nikawasha kandili. Daftari la kwanza: 52 – 17 = 45. La pili, 45. La tatu, 45. Nikadhani wameangaliziana, lakini wengine walikaa mbele kabisa na wengine ukutani nyuma. Nilipomaliza nilikuwa nimehesabu madaftari 61 yenye 45. Waliopata 35 hawakufika 20.

Kesho yake nilimwita binti mmoja wa dawati la nyuma, mkimya, nikampa chaki. "Hebu nionyeshe ulivyofanya." Akapanga namba vizuri, mamoja chini ya mamoja, makumi chini ya makumi. Akaweka kidole. "Saba toa mbili, tano. Tano toa moja, nne." Nikamwuliza, mbona unatoa mbili kwenye saba na saba iko chini? Akanitazama, akasema taratibu, "Mwalimu, ulisema tunatoa ndogo kwenye kubwa."

Ni kweli nilisema. Nilisema wiki ya kwanza, tukiwa bado kwenye 8 – 3, nikitaka kuwarahisishia. Watoto 61 walikuwa wamenitii.

Aliyenisaidia ni mwalimu wa darasa, mama mtu mzima aliyekuwa amebakiza miaka michache kustaafu. Alinituma nikaokote mabua ya mtama. Tukayakatakata vijiti, tukavifunga kumi kumi kwa kamba ya katani. Mtoto anawekewa mafungu matano na vijiti viwili, kisha unamwomba: nipe 17. Anatoa viwili, anakwama. Anakutazama, anayatazama mafungu, halafu anafungua kamba mwenyewe bila kuambiwa. Hapo ndipo unapomwambia kwamba alichofanya kinaitwa kukopa. Ilituchukua siku nne kwa jambo ambalo azimio la kazi, yaani mpango wa mada na vipindi vyake, lilitenga vipindi viwili, na sijutii hata kipindi kimoja kati ya vile vilivyozidi.

Kwa hiyo nawaomba sana: msiulize "Mmeelewa?" Mtoto wa Kitanzania amelelewa kumwitikia mkubwa kwa heshima, na "ndiyo" yake ni adabu tu. Uliza "Umepataje?" hata kama jibu ni sahihi, maana wapo wanaopata kwa kubahatisha. Na kama una watoto zaidi ya 90, usijidanganye kwamba utasahihisha yote kila siku. Mimi nilipunguza maswali kutoka kumi hadi matatu, nikawa napita kati ya madawati nikiwa na kalamu nyekundu wakiwa bado wanaandika, na nikirudi nyumbani nabeba madaftari 15 tu, kila siku ya safu nyingine. Ndani ya wiki moja na siku chache nimemsoma kila mtoto kwa utulivu.

Andalio la somo mtaliandika, hilo hamna budi. Ninachotaka kusema ni kuhusu ile sehemu ya mwisho, tathmini na maoni. Nimekagua maandalio ya walimu tarajali wengi tangu wakati ule, na karibu yote yanasema "Somo limeeleweka vizuri." Ukiandika hivyo Jumatatu, Jumanne huna pa kuanzia. Andika kilichotokea: wengi wanatoa ndogo kwenye kubwa, kesho tumia vijiti. Mkufunzi mzuri akija kukutathmini atalipenda hilo kuliko bango kitita, zile karatasi kubwa za kufundishia, lenye rangi tano. Na tafadhali, usiwakaririshe watoto majibu siku moja kabla mkufunzi hajaja. Watoto wanajua kinachofanyika, na ukishaondoka wanabaki na funzo hilo.

Fimbo. Utaikuta ofisini, na huenda mtu atakukabidhi siku ya kwanza ya zamu. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, kwa kosa kubwa tu, na anayechapa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa naye ruhusa kwa maandishi, tena adhabu iandikwe kitabuni. Wewe mwanachuo huna ruhusa hiyo. Mimi nilichapa watoto waliokosa hesabu, kabla ya usiku ule wa kandili, na kosa lilikuwa langu. Mpaka leo linaniuma.

Posho ilichelewa, nendeni na akiba kidogo. Salamu zisiwapungukie, ofisini na njiani. Jifunzeni salamu za lugha ya pale: kwangu ilikuwa Kinyiramba, na watoto wa darasa la kwanza walioniogopa kwa Kiswahili changu cha Tanga walianza kunisogelea nilipoweza kuwajulia hali ya nyumbani kwao. Ukiona mtoto anasinzia saa nne asubuhi, mwulize taratibu, pembeni, amekula nini jana. Miezi ya kabla ya mavuno niliuliza hivyo mara nyingi kuliko nilivyouliza kuhusu hesabu.

La mwisho ni la siku ya kuondoka, na hili nililikosea. Kabla hujafunga begi, andika karatasi moja kwa mwalimu atakayelipokea darasa: nani yuko wapi, nani anahitaji vijiti bado, nani anasoma ubao akikaa mbele tu. Mimi niliaga Ijumaa kwa soda na nyimbo, nikarudisha madaftari na chaki, nikapanda basi alfajiri ya Jumamosi. Yule binti wa dawati la nyuma alikuwa anakopa vizuri kwenye makumi, lakini kwenye mamia bado anachanganya, hasa kukiwa na sifuri katikati. Pale shuleni hakuna aliyelijua hilo ila mimi, nami nilikuwa njiani kuelekea Singida mjini.