Kanyagio zito, plau haikai chini

Kama kanyagio la kuinulia plau ya kukalia, ile inayovutwa na farasi mkulima akiwa ameketi juu yake, ni zito, anza na springi. Ndiyo inayosaidia kubeba uzito wa plau. Ikilegea, mguu peke yake hautoshi. Kaza nati yake mizunguko miwili, jaribu, kisha ongeza. Usipitilize, maana springi iliyokazwa mno huivuta plau juu na ncha haiingii ardhini.

Plau kuruka yenyewe ikigonga mzizi ni shida nyingine. Wenzo wa kanyagio hujifunga kwa kupita kidogo mstari wa katikati, yaani pale pini zake zinapokuwa zimenyooka mstari mmoja. Pini zikilika, haufiki hapo, na plau inabaki chini kwa uzito wake tu. Badilisha pini kwanza, ndipo urekebishe boliti ya kikomo, inayoamua wenzo uishie wapi. Kagua ncha pia: ikiwa butu huelea juu ya udongo mgumu, na mtambo hulaumiwa bure.

Kwa wenzo wa mkono, piga mswaki meno ambamo komeo hukaa. Grisi iende kwenye pini, si kwenye meno, kwa sababu hushika mchanga na komeo huteleza.

Halafu inua plau wakati farasi wanatembea: ncha hutangulia kupanda, na mwendo wenyewe huitoa plau mferejini.