Jibu: Je, saratani ya tezi dume hurithiwa?
Ndugu yangu wa Ahero, umeuliza kama saratani ya tezi dume ya baba yako inakuhusu wewe mwenye miaka 42, na kwa nini mzee analalamikia mgongo. Inakuhusu: baba au kaka akiugua, hatari yako huwa takriban maradufu, na hitilafu ya jeni ya BRCA2, inayoongeza hatari hiyo, inaweza kutoka hata kwa mama, jambo tunalolisahau tukihesabu ukoo wa kuumeni pekee. Kipimo cha damu cha PSA, protini ya tezi dume ambayo ikipanda huweza kuashiria saratani, usikiahirishe, kipo Kisumu. Saratani hii ikisambaa hupenda mifupa ya mgongo na nyonga, na inaweza kubana neva za uti wa mgongo, kwa hiyo miguu ya mzee ikilegea apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Iliyokwisha kusambaa haiponi kabisa, lakini tiba ya kupunguza testosteroni, homoni ya kiume inayoichochea, huidhibiti, mara nyingi kwa miaka.