Kompyuta ishirini au projekta moja? Jibu kwa mzazi wa Arusha

Mkuu mleta mada, nimeusoma uzi wako. Shule ya sekondari ya mwanao hapo Arusha inataka wazazi wachangie chumba cha kompyuta ishirini, na wewe kama mjumbe wa kamati unauliza kama TEHAMA inasaidia kweli darasani au ni mbwembwe za kuvutia wazazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia, shule ya kata huku Moshi Vijijini. Nakujibu kwa niliyoyaona, vitabu vya sera nawaachia wengine.

Inasaidia, tena sana. Ila itasaidia pale tu inapoingia kwenye kipindi cha kemia, cha jiografia, cha hesabu. Ikifungiwa kwenye chumba chake, sahau.

Vyumba hivyo navijua. Shule niliyofundisha mwanzo ilikuwa nacho: nondo madirishani, kufuli mbili, mashine zimefunikwa vitambaa kama meza ya sebuleni, na ufunguo anao mwalimu mmoja. Akienda semina, chumba kimekwenda naye. Wanafunzi waliingia wakaonyeshwa kibodi, wakaonyeshwa kipanya, wakatoka. Masomo mengine hayakuguswa. Vumbi na umeme wa kukatika na kurudi ghafla vikazimaliza mashine moja baada ya nyingine, maana fundi hakuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote.

Nilipo sasa tuna projekta moja, kompyuta mpakato mbili za walimu, spika, na pazia zito lililoshonwa na fundi wa mtaani, kwa sababu jua la saa nne likiingia darasani picha haionekani. Ni hivyo tu. Nikupe mfano mmoja wa kipindi.

Kidato cha pili, umeme. Watoto karibu wote huamini kwamba balbu mbili zikifungwa kwa mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja ya waya, ya kwanza "inakula" umeme na ya pili inapata makombo. Unaweza kuandika ubaoni mpaka chaki iishe, watanakili, mtihani watajibu, na imani yao itabaki palepale. Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina mradi unaoitwa PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman, unaotoa maabara za kwenye skrini bure. Unapakua faili ukiwa na bando, ukifika darasani huhitaji intaneti. Naweka betri, waya, balbu mbili zinazofanana, lakini siwashi. Kwanza nawaambia wanyooshe mikono: ya kwanza itawaka zaidi? Mikono kibao. Ndipo nafunga swichi. Balbu zinawaka sawa, na vidoti vya chaji vinaonekana vikitembea kwa mwendo uleule kabla ya balbu na baada yake.

Darasa likalipuka kelele. Halafu binti mmoja wa dawati la nyuma akauliza: "Sasa mwalimu, kama mkondo haupungui, betri inaisha kwa nini?" Aliuliza kwa Kiswahili, na kibao cha kulazimisha Kiingereza kipo mlangoni, lakini swali la namna hiyo hulikatishi. Pale ndipo ukapatikana mlango wa kutofautisha mkondo na nishati, mada ambayo huwa naisukuma kama gari bovu. Baada ya hapo tukafunga betri na balbu za tochi za kweli mezani. Skrini isikuondolee maabara ya mkono, hata kama maabara yenyewe ni vitu vya dukani.

Mwenzangu wa jiografia naye ana picha mbili za setilaiti ya Landsat za kilele cha Kibo cha Mlima Kilimanjaro, moja ya 1993 na nyingine ya 2000. Watoto wa huku mlima wanauona kila asubuhi kabla mawingu hayajaufunika, ila hawajawahi kuutazama kutoka juu. Ujanja wake ni kuwauliza ipi ni barafu ya miaka mingi na ipi ni theluji iliyoanguka juzijuzi, maana ukiziweka tu bila kuuliza, watadhani weupe wote uliopotea ni barafu. Barafu yenyewe imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, lakini kwa picha mbili peke yake hulioni hilo. Picha bila mwalimu inaweza kudanganya.

Tatizo ambalo watu hawalisemi ni lugha. Video nyingi nzuri ni za Kiingereza cha Marekani, kinakwenda mbio. Ukiiacha icheze dakika kumi, nusu ya darasa wanatazama sinema. Mimi naisimamisha kila baada ya muda mfupi, naeleza, nauliza, naendelea. Ndiyo maana andalio la somo la kipindi cha projekta linachukua muda kuliko la chaki, na mwalimu mwenye vipindi vingi atalikwepa, usimlaumu.

Sasa kuhusu michango. Kwenye kikao nendeni na maswali haya: ufunguo atakuwa na nani wengine zaidi ya mwalimu wa TEHAMA? Kwenye ratiba, hesabu na sayansi zina vipindi vingapi ndani ya chumba hicho? Fundi na vifaa vya kulinda umeme vimetengewa kiasi gani kila mwaka? Majibu yakiwa ya kigugumizi, pendekezeni muanze na projekta mbili, kompyuta za walimu, na kompyuta moja ya kuhifadhi Kolibri. Hiyo ni programu ya bure. Masomo na mazoezi yanakaa humo, vifaa vingine vinaunganishwa kwa ruta bila intaneti, na mtoto akikosea zoezi anajua papo hapo. Vishikwambi vichache vya kushirikiana vinatosha kuanzia, kwa kuwa simu shuleni haziruhusiwi.

Na mkinunua projekta, kabla ya kulipa muulizeni muuzaji taa yake inauzwa wapi na kwa bei gani. Kuna za bei rahisi ambazo taa ikifa, kuitafuta mpya kunakula hela kuliko mlivyotarajia, na hapo itarudi kabatini.