Re: Jeli ya diklofenaki kwa shingo inayouma miezi minane

Pole sana dada. Umeuliza kama kuna utafiti unaothibitisha kwamba jeli ya diklofenaki, dawa ya kupaka ya kupunguza maumivu, inasaidia shingo. Upo mmoja wa mwaka 2013: watu 72 walipaka mara 4 kwa siku kwa siku 5, na maumivu ya kugeuza shingo yalishuka haraka kuliko kwa waliopaka jeli isiyo na dawa. Ila wale shingo zao zilikuwa zimekamata karibuni tu. Yako ni ya muda mrefu, na hapo ushahidi ni mchache. Ulio imara unahusu goti na vidole ambavyo viungo vyake vimelika (osteoathritisi): kati ya watu 10, takriban 6 walipata nafuu kubwa, na kwa jeli tupu takriban 5. Tofauti ipo, lakini ndogo. Tena goti liko karibu na ngozi, wakati viungo vya shingo vimefunikwa na misuli minene.

Ukijaribu, usipake penye kidonda, nawa mikono kabla ya kugusa macho, na kama una mzio wa aspirini, iache kabisa. Mkono ukifa ganzi au kikombe kikianza kukuponyoka, nakuomba dada, nenda hospitali siku hiyohiyo.