Usitume hela Dar kwa friza ambayo hujaiona ikigandisha

Dada wa Likoni, hizo pesa usitume. Umesema muuzaji wa Kariakoo anataka zote leo kwa simu ndipo apakie friza 2 kesho, na umeuliza kama bei ni nzuri, basi gani linabeba mizigo vizuri, na kama sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki zitakulinda zikifika mbovu. Hapo juu naona kuna waliokujibu "tuma tu, soko ni moja". Maneno hayo hayo yalinilia shilingi 90,000 za Kenya, na bado ushuru.

Yangu ilikuwa friza kubwa ya barafu na samaki ya dukani Majengo. Video niliyoletewa ilionyesha taa inawaka, kompresa inanguruma, mtu anapitisha mkono ndani. Nikatuma zote. Mzigo ulipofika mpakani Lunga Lunga nikaulizwa cheti cha asili, yaani karatasi ya kuthibitisha bidhaa imetengenezwa nchi gani. Cheti kitoke wapi na friza ni ya Uchina? Kupitia Dar hakuifanyi kuwa ya Tanzania. Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ni wa bidhaa zinazotimiza masharti ya asili ya huku kwetu, na ile karatasi nyepesi ya wafanyabiashara wadogo, ya mzigo usiozidi dola 2,000, nayo ni ya bidhaa hizo hizo. Alama za ubora ni vivyo hivyo: ya TBS, shirika la viwango la Tanzania, hutambuliwa huku kwa kilichozalishwa kwao, si kwa kila kilichopita bandarini kwao. Nikalipa ushuru na kodi. Maafisa walifuata sheria, siwalaumu.

Nikaichomeka jioni, nikapanga vifuko vya maji. Asubuhi maji yalikuwa baridi kama ya mtungini, hakuna hata kifuko kilichoshika. Fundi akaigeuza, akanionyesha bomba la gesi lililochomelewa upya na kupakwa rangi nyeusi juu yake. Pale panapokaa kibandiko cha kiwandani palibaki gundi tu. Muuzaji kwanza akasema imeharibikia njiani, kisha akasema nitafute fundi atanirudishia gharama, kisha simu ikawa haipokelewi.

Aliyenipoteza ni wakala mmoja wa mizigo aliyekuwa akijifanya mjuzi wa mambo ya mpaka. Alinikazia macho akaniambia Jumuiya ni nchi moja sasa, ukidhulumiwa Dar unashtaki Mombasa, ushuru hakuna. Ada yake alichukua mapema. Nilipomrudia na friza mbovu akaniambia niandikie COMESA, ile jumuiya nyingine ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika! Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Tume yao ya ushindani iko Lilongwe, Malawi, na inaweza kumsaidia Mkenya aliyetapeliwa na kampuni ya nchi mwanachama kama Uganda au Zambia, lakini Dar haiwahusu. Mtu anakula riziki yake kwa kazi ya mpaka na hilo halijui! Hasira yangu kwake haijaisha na sioni kwa nini iishe, maana bado yuko pale anawaambia wengine vilevile.

Wengine watakwambia Arusha. Mahakama ya Afrika Mashariki iko huko kweli, na mwananchi wa kawaida anaweza kufungua kesi, lakini ni dhidi ya nchi mwanachama au taasisi ya Jumuiya. Mwenye duka haguswi. Ipo pia sheria ya ushindani ya Jumuiya ya mwaka 2006, ina sehemu ya kumlinda mlaji, ila kazi yake kubwa ni makampuni yanayovuruga soko la nchi zaidi ya moja. Mtu wa friza moja hana dirisha la kusimama. Soko la Pamoja la Jumuiya lilianza Julai 2010, mizigo inavuka, malalamiko yanabaki pale pale mpakani. Mimi hili linaniuma kuliko zile pesa, kwa sababu wanaovuka Horohoro na Lunga Lunga kila siku ni akina mama wa biashara ndogo.

Kenya tuna kinga ya maana. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na fidia ukipata hasara, tuna Sheria ya Kumlinda Mlaji ya 2012, tuna Mahakama ya Madai Madogo ya hadi shilingi 1,000,000 ambayo sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Sasa mshtakiwa akiwa Kariakoo, hati ya mashtaka atapelekewa na nani? Na ukishinda, hukumu yako lazima uifuatilie upya kule kwa wakili wa kule. Ama ulalamike kwa Tume ya Ushindani ya Tanzania, na uwe na risiti yenye jina la duka. Wewe una picha za WhatsApp na namba ya simu.

Kwa hivyo dada yangu, mtu wa kumdai awe upande huu wa mpaka. Mtafute mwenye duka Mombasa anayeziagiza mwenyewe, akupe risiti yenye jina la duka na waranti iliyoandikwa, hata akikuzidishia elfu kumi. Ukimng'ang'ania huyo wa Dar, basi mwambie alete mzigo, ulale umechomekwa usiku kucha, na asubuhi barafu ikishika ndipo alipwe. Friza nzima haiogopi usiku mmoja.

Na kama umeshatuma, usingoje jibu la mtu hapa. Pigia kampuni ya simu sasa hivi uombe muamala uzuiwe kabla hajazitoa.