Usianze na Chuma

Mdogo wangu unayeanza kukokotoa kwa kompyuta jinsi metali zinavyojishikiza kwenye pete ya benzeni, usianze na chuma. Mimi nilianza nacho kwa mbwembwe, nikapoteza miezi miwili chumbani Sinza, feni inazunguka na leptopu inaunguza meza.

Anza na potasiamu. Ayoni yake haina elektroni zisizo na jozi, kwa hiyo haina ukorofi wa spini (mzunguko wa elektroni), na kipimo cha maabara kipo: mwaka 1981 mwanakemia Kebarle na wenzake walikuta benzeni inaishika kwa nishati ya kilokalori kama 19 kwa moli, juu kidogo ya maji yenye 18. Benzeni, ambayo haichanganyiki hata na hayo maji! Kumbe kinachovuta ni wingu la elektroni lililotanda juu na chini ya pete. Ukipata 19 au jirani yake, songa mbele. Ukipata 40, usikimbilie kwa Profesa kwamba umegundua jambo. Kagua faili zako.

Kukosea ni rahisi mno, kwa sababu unatafuta tofauti ndogo kati ya namba kubwa. Benzeni peke yake hutoka kama −232.25 hatrii, kipimo cha nishati cha programu hizi. Hatrii moja ni kilokalori 627.5 kwa moli, kwa hiyo 19 yako yote ni 0.03 tu. Ukikokotoa benzeni kwa seti moja ya msingi (fomula za kuchorea mawingu ya elektroni) na benzeni yenye metali kwa nyingine, hiyo 0.03 imeshamezwa.

Sasa chuma. Ayoni yake ya chaji moja, ikiwa peke yake, ina elektroni tano zisizo na jozi. Ikitua juu ya benzeni zinabaki tatu. Hayo unaiambia programu mwenyewe, kwenye mstari ule mfupi wa chaji na wingi wa spini, yaani elektroni zisizo na jozi ukiongeza moja: "1 6" kwa ayoni pekee, "1 4" ikiwa na benzeni. Ukiandika "1 5" itagoma, maana elektroni ni witiri. Mimi niliandika "1 2". Haikugoma. Ikakokotoa usiku kucha, ikamaliza salama, ikanipa namba nzuri kabisa isiyo na maana yoyote.

Jaribu 2, 4 na 6 zote, ulinganishe nishati, kisha tazama thamani ya S², kipimo cha spini ambacho programu hukupa: kwa 4 inapaswa kukaribia 3.75. Na B3LYP, mbinu ya kukokotoa ambayo kila mtu atakupendekezea, kwa ayoni hii ikiwa pekee huweka nishati ya 4 chini ya ile ya 6, kinyume cha vipimo. Hilo sikuambiwa na mtu.

Umeme nao utakatika hesabu ikikaribia kuisha. Iambie programu ihifadhi faili ya kuendelezea, uinakili kwenye flashi kabla hujalala.

Flashi yangu ya enzi zile bado ninayo. Faili za "1 2" zimo humo, kwenye folda inayoitwa mwisho_kabisa_3.