Mama anaikwepa mofini kwa kuhofia kukosa shahada

SWALI: Mama yangu ana saratani ya shingo ya kizazi, na madaktari wametuambia kuwa kilichobaki ni kumtuliza. Amepewa mofini ya maji ya kutuliza maumivu, lakini kaka zangu wanasema ni dawa ya kulevya, tena itamfisha bila kutamka shahada. Mama anajikaza asinywe, anasali huku analia, na Ramadhani inakaribia. Nifanyeje?
Mwenye kuuguza, Tanga

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuuguza. Hofu ya kaka zako si ya kupuuzwa, kwani anayemtakia mama yake shahada anamtakia jambo kubwa. Ila wameielekeza kusikostahili. Mofini inayopimwa na daktari kwa maumivu makali ni tiba, na wanazuoni wengi wameiruhusu kwa haja hiyo. Kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, na usingizi wa siku za mwanzo mara nyingi hupungua mwili unapoizoea. Ukizidi, mwambieni daktari arekebishe kipimo, msiikate wenyewe. Kisichopungua ni kufunga choo, kwa hiyo ombeni mapema dawa ya kulainisha (hili husahauliwa mno, mgonjwa akateseka bure). Maumivu yasiyotulizwa nayo humpokonya mtu utulivu wa kumtaja Mola wake, na hilo kaka zako hawajalipima.

Kuhusu sala, Bukhari amepokea kwamba Imran bin Husayn, aliyekuwa na bawasiri, aliambiwa na Mtume (s.a.w.) asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Saumu ina ruhusa yake katika Qur'ani 2:184, na kwa mgonjwa asiyetarajiwa kupona, madhehebu ya Imam Shafi, tunayoyafuata wengi huku pwani, yanataka maskini apewe kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku asiyofunga. Mleteeni shehe anayemwamini amweleze haya, maana akiyasikia kwako atadhani ni huruma ya mwana tu.

Saa ikifika, mmoja wenu aitamke shahada taratibu karibu na sikio lake. Mama akishaitamka, msimkaririshe tena isipokuwa akisema neno jingine baadaye. Asiyeweza kutamka kwa ugonjwa hadhaniwi vibaya. Hadi hapo, kumwogesha kubaki kwako na kwa wanawake wa nyumbani, lakini kaka zako washike zamu za usiku: kumpa dawa kwa saa yake, kumgeuza, kumlowesha midomo na kumsomea Yasin.